Tulipochapa Vitabu Juu ya Nguo

Ninyi mnaobaki kituoni mmeniomba niandike mambo ya kazi yetu kabla sijayasahau, nami nimekubali upesi kabla hamjabadili mawazo. Vyeo sitavigusa, maana vilikuja vikichechemea, na mshahara nitauacha upumzike. Nitaandika juu ya vitabu vya mashairi na picha ambavyo tuliwachapia watoto wa darasa la kwanza juu ya nguo. Siku mliponiaga, mmoja wenu alifungua kabati langu akakuta ubao uliogandishwa vipande vya mpira wa tairi vyenye umbo la ndege, akauliza kama ni dawa ya kienyeji. Si dawa. Ni kunguru, nilimchonga mwenyewe kwa wembe, na kidole changu cha shahada kina kovu lake mpaka leo.

Nilifika kituo cha walimu Musoma nikiwa binti mbichi kutoka chuoni, nikitembea kutoka Mwisenge na viatu mkononi ili visiishe. Ilikuwa ile miaka ya shida ambayo wazazi wenu wakiwasimulia mnadhani wanatia chumvi. Chumvi yenyewe ilikuwa ya kutafuta. Mkuu wa kituo alinitembeza akanionyesha stoo ya karatasi, na kweli stoo ilikuwepo. Kisha akanipeleka chumba cha nyuma kwa Mwalimu Magesa, mtu wa Suguti, mrefu, mwenye koti moja lililogeuzwa kola mara kadhaa. Ofisini aliandikwa kuwa mtu wa vielelezo. Kazi yake hasa ilikuwa kutunga mashairi mafupi ya kuwafundisha watoto kusoma, na mimi niliajiriwa nimchoree picha.

"Wewe ndiye mchoraji?" aliniuliza bila kuinua macho.

"Ndiyo, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu nichoree samaki, binti yangu."

Nilimchora samaki mzuri sana, mwenye magamba yaliyopangika na jicho la kuonea huruma. Nilikuwa nimemzoea huyo, chuoni nilimchora kwenye kila ukuta. Mwalimu Magesa alimtazama kwa muda.

"Huyu ni nani?"

"Samaki tu, Mwalimu."

"Samaki tu hayupogi ziwani. Kuna sato, kuna furu, kuna ningu, kuna gogogo. Mtoto wa Suguti ukimpa samaki tu, atakuuliza amevuliwa nchi gani."

Akanituma mwaloni nikawatazame samaki wakishushwa kutoka mitumbwini. Wiki yangu ya kwanza kazini niliimaliza nikiwa nimechuchumaa kati ya ndoo na wanawake wenye haraka, nikichora mapezi kwa mkaa juu ya kipande cha boksi. Nilinuka mpaka mama yangu akaniuliza kama kweli serikali imeniajiri kuwa mwalimu.

Magesa aliamini vina kama watu wengine wanavyoamini dawa. Watoto wetu wa Mara walikuja shuleni na Kijita, Kikwaya, Kizanaki, Kikurya, kila mmoja na lugha ya nyumbani kwao, na Kiswahili walikiona kwa mbali. Ukiwaandikia ubaoni sentensi kavu, waliitazama kama watu wanaotazama mlango uliofungwa. Lakini ukiwasomea mstari unaoishia kwa "chali," sikio la mtoto linaanza lenyewe kutafuta neno la kufanana nalo. Jicho likifika kwenye "ugali," mdomo tayari uko njiani. Kwa Kiswahili kupata kina si kazi, kila neno letu linaishia kwa irabu. Kazi ni kupata kina ambacho mtoto anakijua jikoni kwao, chenye herufi alizokwisha kufundishwa, na kinachochekesha. Magesa alikuwa mtu asiyecheka kirahisi, kwa hiyo alijua kuchekesha ni kazi nzito.

Kitabu chetu kilichopendwa kuliko vyote kiliitwa *Nani Kamla Sato?* Mama kaanika sato wake, kageuka, sato hayupo. Basi kila ukurasa mtu mpya anashukiwa:

Sato wa mama yu wapi?
Huenda kamla Papi.
Papi amelala chali,
Hajala hata ugali.

Papi ni mbwa. Ukurasa unaofuata anashukiwa mwingine:

Basi kamla kunguru?
Kunguru kashiba furu.

Na inakwenda hivyo, bata, paka, mbuzi wa jirani, mpaka mwisho:

Mla sato kumbe babu,
Miiba kwenye sharubu!

Magesa alikuwa na sheria moja juu ya picha: isimalize maneno. Nilipomchora babu ameshika sato mkononi, alinirudishia. "Sasa mtoto asome ya nini? Umeshamwambia yote." Nikamchora babu ametazama pembeni, mpole kama mzee wa kanisa, na katika sharubu zake nyuzi mbili tatu za miiba. Mtoto alilazimika kusoma ndipo aione. Nimechora maelfu ya picha tangu siku ile, na hakuna niliyoipenda kama zile sharubu.

Karatasi haikuwepo, ile stoo ilikuwa tupu. Tulijaribu mifuko ya saruji, lakini saruji nayo haikuwepo. Kiwanda cha nguo mjini kilikuwa na marekani yenye kasoro ya ufumaji, ile nguo nyeupe nzito, na kwa kibali tukapewa majora kadhaa kwa ajili ya "vielelezo." Magesa alifurahi siku ile mpaka akaimba. Nguo haichaniki, alisema, haiogopi mvua, na mtoto akiikalia haikunjamani moja kwa moja.

Njia yetu ya kazi ilikuwa hii, iandikeni mahali, huenda shida ikarudi. Unachukua mpira wa ndani wa tairi, unaukata umbo la picha, unaugandisha kwenye ubao. Herufi vilevile, kwa kugeuza, maana zikichapwa zinageuka tena. Unapaka rangi ya kiwandani kwa sifongo, unalaza ubao juu ya nguo, unapanda juu yake kwa miguu. Mimi ndiye niliyepanda. Nguo hatukuikata, kwa sababu ikikatwa inafumuka, na uzi wa kupindia pindo haukupatikana. Kila kitabu kilikuwa pande moja zima, refu la kumtosha mtu mzima kujifunga, na tulikikunja kwenda na kurudi kama kodiani ya kwaya, tukafunga kibao cha sanduku la chai mbele na nyuma. Darasani watoto wanne walikishika wakakitandaza ukutani, na darasa zima likasoma.

Katika mikunjo hiyo Magesa aliweka mtego wake. Ubaya wa vina ni kwamba mtoto mwenye masikio mazuri anakariri kitabu chote siku mbili, kisha anakusomea huku amekigeuza juu chini. Walimu wengi walidanganyika hivyo, wakaandika ripoti tamu. Magesa alikunja kurasa za katikati akazificha, "Papi amelala chali" ikafuatwa na "Miiba kwenye sharubu." Aliyekariri aliendelea na ugali wake bila wasiwasi. Aliyekuwa anasoma alimwona mbwa mwenye sharubu na miiba, akacheka.

Katika shule moja ya Suguti aliyecheka wa kwanza alikuwa msichana mdogo aitwaye Leya. Alikuwa mwembamba, wa kukaa nyuma, na mwalimu wake alikuwa ametuonya kwamba huyo haongei. Alicheka kwa sauti, kisha akaziba mdomo kwa mikono miwili, maana enzi zile kucheka darasani kulikuwa na bei yake. Mwalimu wake alishasogea na fimbo.

"Mwache acheke," Magesa alisema. "Huyo amesoma."

Tulipokipeleka kitabu Butiama tuliaibika kidogo. Watoto wa wafugaji walisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha mmoja akasema, "Mwalimu, sisi samaki tunaionaga gulioni, imekauka. Mbwa wetu haijui." Tukarudi Musoma tukatengeneza kingine cha maziwa: "Maziwa ya mama wapi? Huenda kayanywa Papi," mpaka "Mtindi kwenye sharubu." Safari hiyo walilalamika wazee. Babu hawezi kuiba maziwa, walisema, kwani ng'ombe ni wa nani? Magesa alikiri hoja ilikuwa na nguvu, akahangaika juma zima kutafuta mwizi mwingine mwenye kina.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo limenifanya nikubali kuandika. Magesa alishikilia kwamba kitabu kilale nyumbani kwa mtoto. Kitabu kinacholala shuleni, alisema, mtoto anakiona ni cha mwalimu, na kusoma anakuona ni jambo la mwalimu. Akienda nacho nyumbani, jioni atamsomea mama yake, na kesho atasoma vizuri zaidi kwa sababu jana alijidai. Alisema kweli. Shule zilizowapa watoto vitabu kwa zamu ziliziacha mbali zile zilizovifungia kabatini, na mtu yeyote aliyeingia darasani aliona.

Lakini hebu fikirini. Tulikuwa tunapeleka marekani mpya katika nyumba za watu, katika miaka ambayo watu hawakuwa na nguo. Akina mama walikuwa wakiazimana kanga moja kwenda kanisani, huyu misa ya kwanza, huyu ya pili. Niliwaona wanaume wazima wamevaa magunia yaliyotobolewa mahali pa kichwa. Sisi tulipita na vitabu vyetu, tukifurahi kwamba havichaniki.

Siku moja tulikwenda Suguti na mgeni kutoka mkoani aliyetaka kujionea vitabu vinavyosifiwa. Watoto walipanga mstari nje kumpokea. Msichana wa mbele alikuwa na blauzi mpya, na mgongoni mwake, imepangika vizuri kabisa katikati ya mabega, sura ya babu na sharubu zake. Wa tatu alikuwa na kaptula. Kwenye tako la kulia limeandikwa "Huenda," na kwenye tako la kushoto amelala Papi. Mwalimu Magesa aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na ni mara chache sana nimemwona akicheka vile.

"Mnasoma?" mgeni aliuliza kwa ukali.

"Tunasoma," mstari mzima ukajibu. Wakaanza kusomana migongo, tena vizuri, huku wakivutana ili mtu apate ukurasa unaofuata.

Mgeni hakucheka. Juma lile mkuu wetu alituita. Zilikuwa siku za msako wa wahujumu uchumi, na mtu aliyekutwa na kitenge asichoweza kukieleza alilala ndani. Mkuu hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo. Alikuwa na suruali moja ya kazi, na aliogopa kuulizwa marekani ya serikali imekwenda wapi. Alisema vitabu vyote virudi, vifungiwe. Magesa alibishana naye asubuhi nzima. Mwisho wakakutana katikati: vitabu vitaendelea kulala nyumbani kwa watoto, ila kila ukurasa upigwe muhuri mkubwa mweusi, na Magesa mwenyewe aende kila shule akawasomee wazazi onyo. Muhuri ulisema MALI YA SERIKALI, HAISHONWI. Magesa alitoka pale akiwa ameshinda, na mimi nikachonga muhuri kwa mpira uleule wa tairi. Tuliona ni bei ndogo.

Na kweli muhuri ulifanya kazi. Blauzi zilikoma, vitabu vilirudi shuleni kila asubuhi. Katika mkutano wa wazazi pale Suguti, Magesa alisimama akasoma onyo kwa sauti yake nzito, akaongeza kwamba anayekata nguo hii anaweza kwenda jela, kwa sababu ndivyo alivyoagizwa kusema. Mama Leya alikuwa amekaa mbele, nakumbuka, kwa sababu alikuja kutushukuru baadaye. Alisema binti yake sasa anaongea, anamsomea kila jioni, mpaka yeye mama naye anaanza kuzijua herufi.

Msimu uliofuata surua ilipita vijiji vya kando ya ziwa. Mimi na Magesa tulifika ile shule ya Suguti katika mzunguko wetu wa kawaida, na mwalimu mkuu ndiye aliyetuambia Leya amefariki. Magesa alikaa chini kwenye dawati la mtoto, magoti yakamfika kifuani. Hatujakaa sana, Mama Leya akaja. Alikuwa amesikia watu wa vitabu wamefika. Alikuwa na kitabu mkononi, kimekunjwa, vibao vyake vyote viwili vipo.

"Pole sana, mama," Magesa alisema. "Tumesikia sasa hivi."

"Tumeshapoa, Mwalimu. Nimeleta hii kitabu ya serikali. Nimeifua. Rangi imefifia kidogo hapa kwa kunguru, mtanisamehe."

Magesa alikipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa cheupe kuliko siku tulipokichapa, kimenyooshwa kwa kulaliwa, hakuna uzi uliotoka. Mimi nikaona anataka kuuliza jambo na anaogopa kuliuliza.

"Mama Leya, mtoto mlimsitiri na nini?"

"Na mkeka, Mwalimu. Na gunia, tulilifumua tukalifua. Gauni yake tulimwachia mdogo wake, hana ingine."

"Na hii ilikuwepo ndani?"

"Ilikuwepo. Majirani walisema tuitumie, ni nyeupe, inatosha. Baba yake akasema hapana, ina muhuri, tutafungwa. Si ulitusomea mwenyewe, Mwalimu, pale mkutanoni?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekumbusha jambo ambalo wote wanalijua. Magesa alisimama akamnyooshea kitabu.

"Chukua. Ni yako. Mimi ndiye nakupa, na wakikuuliza waambie waje kwangu."

Yule mama akarudi nyuma hatua moja. "Itanisaidia nini sasa?" alisema. "Na muhuri upo palepale."

Akatuaga, akaenda zake. Tulirudi Musoma juu ya lori la pamba, tumekaa juu ya marobota, na Magesa amekipakata kile kitabu. Alipitiliza moja kwa moja ofisini kwa mkuu na vumbi lake, mimi nyuma yake. Akasema anataka onyo liondolewe na wazazi waambiwe.

"Ukiondoa muhuri ule," mkuu alisema, "kesho kijiji kizima kimevaa."

"Na wavae," Magesa alijibu.

Hakikuondolewa kitu. Mkuu alisema ataliwasilisha mkoani, na pengine aliliwasilisha. Mimi nimelifikiria jambo hili maisha yangu yote ya kazi na sijawahi kumpata mtu wa kumlaumu moyo ukatulia. Mkuu aliogopa, na alikuwa na sababu. Baba wa mtoto aliogopa, na alikuwa na sababu zaidi. Magesa alitaka watoto wasome, na walisoma. Nasikitika, basi, bila pa kuyapeleka masikitiko yangu, na hiyo ndiyo aina mbaya.

Magesa hakutunga tena. Nilimwekea mezani mipira mipya, nikamchorea mamba, nikamchorea mwanamke anayegombana na bata, nikijua zamani picha kama ile ingempa mistari minne kabla ya chai. Aliitazama akasema, "Vina vimeniishia, binti yangu." Miaka yake iliyobaki aliwafundisha walimu kutengeneza vijiti vya kuhesabia na kadi za herufi, kazi nzuri, aliifanya kwa bidii, wala hakukosa siku. Ila hakuna mtoto aliyecheka juu ya kijiti cha kuhesabia. Alistaafu akarudi Suguti akalima mihogo. Nilikwenda kumzika. Wakati huo maduka yalikuwa yameshafunguka, na wanawe walimnunulia sanda nzuri, nyeupe, ndefu mpaka ikabidi ikunjwe.

Maana ruksa ilikuwa imekuja, ile ya kila mtu kuleta na kuuza bidhaa. Ninyi mmekulia ndani yake hamuwezi kujua ilivyokuwa. Sabuni zilirudi, tena za kuchagua rangi. Nguo zilimiminika kutoka kila upande, mpya na kuukuu, na kile kiwanda chetu cha mjini kikaanza kufanya kazi kwa kusitasita kama mzee anayepanda ngazi. Vitabu navyo vikaja, kutoka kwa wachapishaji wa Dar es Salaam na nje, karatasi inang'aa, rangi zote. Nilifurahi kuviona, sitadanganya. Watoto waliviramba kwa macho. Katika kimoja mama ananunua mkate kwenye duka lenye milango ya kioo, na darasa la Butiama likauliza ni hospitali gani ile. Vina havikuwemo. Nilipouliza, kijana aliyetuletea alisema vina ni mambo ya zamani, siku hizi ni sentensi fupi fupi.

Kituo nacho kikapata mashine ya kuchapia, ya umeme, kwa msaada wa wafadhili. Vitabu vyetu vya nguo vilikuwa vimeshakusanywa stoo, stoo ilihitaji nafasi, na mashine ilihitaji matambara. Mimi nilikuwa Butiama na semina. Niliporudi, fundi mpya wa mashine alikuwa amekwisha kuvitoa vitabu vya nguo vyote, amevichana vipande vya ukubwa wa leso, amevipanga vizuri karibu na chupa ya mafuta. Alikuwa kijana mpole, mchapakazi, na alinionyesha kwa furaha: marekani iliyofuliwa sana hainyonyoki nyuzi, hakuna tambara bora kwa kufutia roli za wino. Kwenye ndoo niliona nusu ya sharubu. Nilitoka nje nikasimama jua kali mpaka nilipoweza kurudi ndani, kisha tukaendelea na kazi, kwa sababu kulikuwa na mitihani ya kuchapa.

Miaka ikapita. Nilihamishiwa kituo cha Bunda, nikapanga nyumba Manyamanyama, na Jumamosi moja nilikuwa napita sokoni kwenye mitumba nikitafuta sweta. Mbele yangu kulikuwa na lundo la nguo za watoto limefika kiunoni, wanawake wameinama wanachambua, na nyuma yake mama mmoja mtu mzima anaita wateja. Akanyamaza ghafla akanitazama.

"Si wewe mwalimu wa vitabu? Ulikujaga Suguti na Mwalimu Magesa."

Sikumjua mpaka alipotaja jina la mtoto. Tulikumbatiana juu ya zile nguo. Alisema mumewe alishafariki, amemfuata binti yake mdogo hapa Bunda, biashara inakwenda, Mungu anasaidia. Nilimwambia Magesa ametutoka. Alikuwa amesikia. Alikuwa na gauni dogo jeupe mkononi, lenye lesi shingoni, analikung'uta vumbi huku anaongea.

"Mwalimu, nina swali. Ile kitabu yetu bado iko? Ya sato?"

Nilianza kuchambua lile lundo, na yeye akadhani sijaelewa.

"Siku ile niliikataa, nilikuwa na uchungu. Sasa nimezeeka naitaka. Leya alikuwaga ananisomea kila jioni, mimi kusoma nilijulia humo. Nina wajukuu, wanasoma vizuri. Nataka waione kitabu ya mama yao mkubwa. Hata kuazima, nitarudisha."

Ningeweza kusema kimepotea. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini huyu ndiye mtu aliyetufulia kile kitabu akakirudisha.

"Haipo, Mama Leya. Walipoleta mashine mpya, waliichana. Walifutia mashine."

"Walifutia mashine?"

"Ndiyo."

"Na muhuri wake?"

"Na muhuri wake."

Wanawake waliendelea kuchambua, mmoja akauliza bei ya suruali. Mama Leya aliligeuza lile gauni, akalitazama mbele, akalitazama nyuma, akalirudisha juu ya lundo.

"Kumbe ilikuwaga nguo tu," alisema.